Begi lililoachwa kwa makusudi

Mkanda wa mizigo ukisimama nawe ungali umesimama, jambo la kwanza kukujia kichwani ni uzembe. Kuna mtu nyuma ya lile pazia la mpira hakufanya kazi yake. Alikuwa akipiga soga, au alilitupa begi lako kwenye toroli la safari nyingine. Ndivyo wengi wetu tunavyoamini, na ndivyo malalamiko yanavyoandikwa. Nataka tuichunguze imani hiyo, kwa sababu mengi ya mabegi yasiyofika hayakusahauliwa na mtu. Yaliachwa. Yupo aliyetazama saa, akahesabu mabegi yaliyokuwa bado njiani, akaagiza mlango wa tumbo la ndege ufungwe. Alijua anachofanya na, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, alifanya sawa.

Hoja ya abiria haihitaji wakili. Amelipa nauli, na siku hizi katika mashirika mengi amelilipia begi lenyewe kando. Alilikabidhi kwa mkono wake, saa mbili au tatu kabla ya safari kama alivyoagizwa, akapewa kipande cha karatasi chenye namba. Ndani mna dawa, au suti ya harusi ya kesho, au vifaa vya kazi iliyomsafirisha. Wapo pia ambao mzigo wao ni kiti cha magurudumu, na kwa hao mzigo kuchelewa ni sawa na miguu kuchelewa. Huyu mtu akiambiwa kwamba ndege iliondoka na nafasi tele tumboni huku begi lake likiwa mita 300 kutoka hapo, hasira yake ni halali. Kwa nini wasisubiri? Dakika ishirini tu!

Tukae na hizo dakika ishirini, maana za uwanja wenye shughuli nyingi hazifanani na za saa ya ukutani.

Katika anga la Ulaya, ndege itakayopita eneo lenye msongamano hupangiwa na Eurocontrol, shirika linaloratibu safari za anga barani humo, dakika yake ya kuruka. Inaruhusiwa kuitangulia kwa dakika 5 au kuipita kwa dakika 10. Dirisha zima ni dakika 15. Ikilikosa, haiambiwi “haya, nenda sasa”. Huomba muda mpya, na katika asubuhi ya msongamano muda huo waweza kuwa nusu saa mbele, au saa nzima. Kwa hiyo mratibu anayesimama chini ya bawa akisubiri mabegi 14 hajui kama anasubiri dakika ishirini au themanini. Anachojua ni kwamba akiikosa dakika aliyopewa, hesabu haiko tena mikononi mwake.

Kisha kuna lango lenyewe. Uwanja uliojaa hauna lango la akiba. Ndege inayosubiri mabegi imekaa mahali pa ndege nyingine ambayo tayari imetua na inanguruma pembeni, abiria wake wamefungwa mikanda wakitazama lango lao likiwa limekaliwa. Miongoni mwao wamo wanaounganisha safari. Walikuwa na dakika 50 za kubadilisha ndege, sasa wana 30. Wenyewe wataweza kukimbia. Mabegi yao hayatakimbia. Kwa hiyo yale mabegi 14 yaliyosubiriwa lango hili yamezaa mabegi yaliyoachwa lango lile, ya watu ambao hawakumkosea yeyote, na ambao jioni watasimama mbele ya mkanda mtupu wakilaani uzembe.

Ndege ya masafa mafupi hufanya miruko minne, mitano, hata sita kwa siku, na kati ya mmoja na mwingine hupewa muda wa kupumua wa dakika 30 hadi 45 hivi. Kuchelewa kwa asubuhi hakuishi asubuhi. Kunarithiwa. Takwimu za Eurocontrol zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba karibu nusu ya dakika zote za kuchelewa barani Ulaya ni za kurithi: ndege ilichelewa kwa kuwa ilifika ikiwa imeshachelewa. Hakukuwa na hitilafu wala ukungu mahali ilipochelewa mara ya pili na ya tatu. Palikuwa na deni la asubuhi linalolipwa na abiria wa alasiri.

Deni hilo lina ukingo, na ukingo wenyewe ni mkali. Saa za kazi za marubani na wahudumu zina kikomo cha kisheria. Kwa kanuni za Ulaya kikomo cha kawaida cha siku hakizidi saa 13, na hupungua kadiri miruko inavyoongezeka na kutegemea saa walizoanza kazi. Viwanja vingine hufungwa usiku. Frankfurt hakuna safari zilizopangwa kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Sydney nayo ina marufuku yake ya usiku. Ndege iliyobeba deni la dakika arobaini toka asubuhi inaweza kuufikia mruko wake wa mwisho ikakuta wahudumu wamemaliza saa zao au uwanja umefungwa. Hapo si kuchelewa tena. Safari imefutwa, na watu 180 wanatafutiwa hoteli usiku wa manane.

Sisemi kila begi linalosubiriwa huishia kufuta safari. Siku ya mtiririko mwepesi, dakika ishirini humezwa na upepo wa nyuma au na muda wa ziada uliofichwa ndani ya ratiba. Ila mratibu haamui kwa kuijua jioni ya siku hiyo. Anaamua saa 1 asubuhi, akiwa na begi la mtu mmoja upande huu na siku nzima ya ndege upande ule. Begi laweza kuletwa kesho na gari mpaka mlangoni. Mtu aliyekosa mazishi hawezi kupelekwa mazishini kesho.

Takwimu moja naona hutajwa na kupitwa haraka. Kampuni ya SITA, ambayo mifumo yake hutumiwa na viwanja na mashirika mengi duniani, huhesabu kila mwaka mizigo iliyochelewa, kuharibika, kupotea au kuibwa. Mwaka 2007 ilikuwa karibu mabegi 19 kwa kila abiria 1,000. Mwaka 2024 ilikuwa 6.3, ingawa idadi ya abiria duniani ilikuwa imezidi maradufu. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini kilichonivutia si hicho. Mabegi milioni 33.4 yaliyopata misukosuko mwaka 2024, robo tatu hivi yalichelewa tu. Hayakupotea wala kuibwa. Na sababu iliyoongoza, kwa asilimia 41, ilikuwa kuunganisha safari.

Asilimia 41. Fikiria idadi ya mambo ambayo yangeweza kuongoza: lebo kung'oka, mtambo kukwama, mpakiaji kukosea toroli, wizi, mvua. Yote hayo yamo kwenye orodha. Kinachoyashinda ni ule muda mwembamba kati ya ndege moja na nyingine, na abiria wanaounganisha ni sehemu ndogo tu ya wasafiri wote. Mzigo wa anayekwenda moja kwa moja hupakiwa mara moja, ukashushwa mara moja. Wa anayeunganisha hushushwa katikati ya safari, hutengwa na wa wenzake wanaoishia hapo, huendeshwa hadi kwenye mtambo, lebo yake husomwa upya, mara nyingi hukaguliwa tena, husukumwa hadi kwenye mlango wa ndege ya pili, hupakiwa. Hatua hizo zote zimo ndani ya dakika ambazo mwenyewe alizitumia kupanda ngazi na kununua maji.

Ndiyo sababu sifa za uwanja wa Kansai, Japani, zinahitaji kusomwa kwa makini. Uwanja huo, uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa katika ghuba ya Osaka na kufunguliwa mwaka 1994, hujivunia kwamba katika miaka yake 30 ya kwanza haukupoteza begi hata moja. Ni fahari ya kweli. Wafanyakazi wake huhesabu na kuhesabu tena, na huyageuza mabegi mkandani ili mpini umwelekee abiria. Hata hivyo Kansai si kitovu cha kuunganisha safari kama Heathrow, Frankfurt au Dubai. Wengi wanaotua pale wamefika. Wengi wanaoruka pale wametoka nyumbani au hotelini. Kuvilinganisha viwanja vya vitovu na Kansai ni kumlinganisha mpishi wa familia na mpishi wa shule ya bweni, halafu kushangaa kwa nini wa pili ana sufuria iliyoungua.

Sasa tuingie ndani ya tumbo lenyewe, maana hukumu nyingi hutolewa na watu wasiowahi kulifikiria. Sehemu ya mizigo ya Boeing 737 haina kimo cha mtu mzima kusimama. Mpakiaji hufanya kazi amepiga magoti au ameinama, akipokea mabegi kutoka kwenye mkanda, kuyavuta ndani na kuyapanga kama matofali. Begi la kawaida huruhusiwa kilo 23, na kikomo ambacho viwanja vingi havikubali kuvuka ni kilo 32, kwa ajili ya migongo ya hao hao. Chukua safari yenye mabegi 150 ya kilo 18. Hizo ni kilo 2,700, na muda wa kuzishusha na kupakia nyingine kama hizo ni zile dakika 40 ambazo pia zinagawanywa na wasafishaji, wajaza mafuta na wapishi. Radi ikikaribia, kazi zote za nje husimamishwa kwa usalama, ingawa abiria aliye dirishani huona tu watu waliovaa vizibao vya kung'aa wakiwa wamesimama bila kufanya kitu. Naamini picha nyingi za “tazama wanavyozembea” zinazosambazwa kwenye simu zilipigwa dakika kama hizo.

Usalama una mchango mwingine usiotazamwa. Juni 23, 1985 ndege ya Air India safari namba 182 ililipuka juu ya Atlantiki, watu 329 wakafa. Bomu lilikuwa ndani ya begi ambalo mwenyewe hakupanda. Desemba 21, 1988 ikafuata Pan Am 103 juu ya Lockerbie, Uskoti, watu 270, na hapo pia ni begi lisilo na mtu ndani ya ndege. Tangu wakati huo kanuni ya safari za kimataifa ni kali: abiria akikabidhi begi halafu asitokee langoni, begi lake lishuke. Kwa hiyo yule bwana aliyezama madukani akijaribu manukato anawalazimisha wapakiaji kulitafuta begi moja kati ya 150, pengine lililo chini kabisa, huku dakika ya kuruka ikiyoyoma. Likipatikana baada ya robo saa, muda wa mabegi ya wanaounganisha umeshaliwa. Mtandaoni shirika litatukanwa. Bwana wa manukato hatatajwa.

Mtu makini atauliza: ikiwa begi haliruhusiwi kusafiri bila mwenyewe, mbona langu lililoachwa huletwa na ndege ya kesho bila mimi? Kwa sababu hatari inayoogopwa ni ya mtu anayechagua kuachana na begi lake. Begi lililoachwa na shirika halikuchaguliwa na mtu kama huyo. Mwenyewe hakujua lingebaki wala lingepanda ndege ipi. Hukaguliwa, huwekewa lebo ya haraka, hutumwa. Kanuni moja inalishusha begi la aliyechelewa na kumfuatishia lake aliyecheleweshwa, na kwangu hiyo ni miongoni mwa kanuni za anga zilizofikiriwa vizuri.

Mpaka hapa nimeuelemea upande mmoja, najua. Upande wa pili una hoja ambayo siwezi kuipangua. Inasema hivi: sawa, uamuzi wa saa 1 asubuhi ulikuwa sahihi, lakini ni nani aliyemweka mratibu mahali pa kuamua? Frankfurt, mashirika huuza tiketi za kuunganisha zenye dakika 45 tu kati ya ndege na ndege. Zinawezekana kila kitu kikienda sawa. Muda kama huo ukiuzwa kwa maelfu ya watu kila siku, kwenye uwanja ambao kila mtu anajua hauendi sawa kila siku, begi lililoachwa si ajali. Limo ndani ya ratiba, limeshapigiwa hesabu, na gharama ya kulipeleka mlangoni kwako imeonekana nafuu kuliko ndege kukaa chini.

Ni kweli, na fedha zimo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 imekuwa ikimpa abiria euro 250 hadi 600 akifika akiwa amechelewa saa 3 au zaidi kwa kosa la shirika. Ndege ya watu 180 kwa kiwango cha chini ni euro 45,000. Begi lililochelewa halina malipo ya mkupuo ya namna hiyo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaweka ukomo, ambao tangu Desemba 28, 2024 ni vizio 1,519 vya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000. Ukomo si malipo ya moja kwa moja. Abiria lazima athibitishe hasara, aandike dai ndani ya siku 21 tangu alipokabidhiwa begi, atunze risiti za mswaki na soksi. Wengi huchoka. Shirika linalopima kati ya kuchelewesha watu na kuchelewesha mizigo linapimia mizani ambayo sahani moja imeshawekewa jiwe.

Nakubali yote hayo na bado nasema mizani inaangukia mahali pazuri. Sheria iliyofanya kumchelewesha mtu kuwe ghali kuliko kulichelewesha begi lake haikupotoka. Kuhusu zile dakika 45, tuulizane kidogo: nani huzinunua? Tafuta tiketi mtandaoni, panga matokeo kwa muda wa safari, utaona safari fupi kabisa iko juu, na vidole vyetu huenda huko. Shirika litakalojipa saa mbili za kuunganisha kwa ajili ya begi lako litajikuta ukurasa wa pili, ambako hakuna anayefika. Begi lako uliliacha wewe pia kidogo, siku ile uliyobonyeza.

Palipo na dhambi isiyo na utetezi ni kwenye watu. Mwaka 2022 ulilionyesha hilo waziwazi. Wakati wa janga la korona kampuni za mizigo zilipunguza wafanyakazi kwa wingi. Safari ziliporudi, watu hawakurudi; walikwishapata kazi maghalani na kwenye malori, zenye saa za kueleweka. Schiphol, Amsterdam, wapakiaji wa KLM waligoma ghafla Aprili 23, 2022, na foleni zilizoendelea kwa miezi zikafanya uwanja wenyewe uwafidie waliokosa ndege kati ya siku hiyo na Agosti 11. Wafanyakazi waliahidiwa nyongeza ya euro 5.25 kwa saa kwa kiangazi hicho. Heathrow nako, Julai, waliweka ukomo wa abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku. Mabegi yalirundikana hadi shirika la ndege la Delta likaamua kurusha ndege aina ya Airbus A330 kutoka London hadi Detroit bila abiria yeyote, ikiwa imebeba mabegi 1,000 hivi.

Hapo huwezi kusema mratibu alichagua vyema. Hakuwa na cha kuchagua. Kuna tofauti kubwa kati ya begi lililoachwa ili watu 180 wawahi na begi lililoachwa kwa kuwa hakuna wa kulinyanyua. Abiria haioni tofauti hiyo, na mashirika hupenda asiione, kwa sababu kauli ya “tulilazimika kulinda ratiba” huzifunika zote mbili. Anayetetea uamuzi wa kwanza, kama mimi hapa, asikubali kutumiwa kuutetea wa pili.

Wapo wanaotumaini mitambo. Sitawasumbua kwa muda mrefu. Uwanja wa Denver, Marekani, ulikusudiwa kufunguliwa mwaka 1993, ukafunguliwa Februari 1995, na mtambo wake wa mizigo wa kujiendesha ndio uliokuwa kikwazo kikuu, ukiyararua mabegi na kuyamwaga mbele ya waandishi wa habari. Shirika la ndege la United liliutumia kwa sehemu tu, likauacha mwaka 2005. Jengo la 5 la Heathrow lilipofunguliwa Machi 27, 2008 mtambo ulikuwa umejaribiwa sana, lakini wafanyakazi hawakupata pa kuegesha magari, wakakwama kwenye ukaguzi, wengine wakashindwa kuingia kwenye kompyuta. Mabegi zaidi ya 20,000 yalitengana na wenyewe, na mamia ya safari yakafutwa. Mtambo mzuri ni neema. Ila haujui kwamba Musa amekwama kwenye maegesho.

Kwa habari ya kuwaridhisha abiria bila kuharakisha chochote, uwanja mmoja wa Houston, Marekani, uliwahi kusumbuliwa na malalamiko ya kusubiri mizigo. Uliongeza wapakiaji, muda ukapungua, malalamiko yakaendelea. Basi wakaihamishia milango ya kuwasili mbali zaidi na mikanda, watu wakatembea mara sita ya mwanzo, na kufika kwao mabegi yako tayari. Malalamiko yakaisha karibu kabisa. Wengine husimulia kisa hiki kama ujanja wa kuchekesha. Mimi naona kina funzo chungu kwa upande ninaoutetea: kinachomkera mtu si dakika, ni kusimama bila kujua.

Hapo ndipo mashirika yanapojichimbia kaburi. Uamuzi wa kuliacha begi hufanywa kabla ndege haijaondoka. Mwenye begi huambiwa baada ya kutua. Katikati pana saa mbili, saa tano, saa kumi na moja, ambazo yeye yuko angani akiamini begi liko chini ya miguu yake. Hutua, hupanga foleni ya pasipoti, husimama mbele ya mkanda kwa dakika arobaini, hutazama begi jekundu la mtu mwingine likizunguka mara ya tisa, ndipo huenda dawatini kuambiwa jambo ambalo kompyuta ililijua kabla hajapewa juisi.

Na kompyuta ililijua kweli. Kila lebo ina namba ya tarakimu 10, na tangu Juni 2018 azimio namba 753 la IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, linayataka mashirika yalifuatilie kila begi katika hatua nne: linapopokewa, linapopakiwa, linapohamishwa na linaporudishwa kwa mwenyewe. Hatua ya kupakia ikikosekana, jibu limeshapatikana. Ujumbe mmoja wa simu, “Begi lako limebaki, litakuja na ndege ya saa 4 asubuhi, usisubiri mkandani, tupe anwani,” ungetosha. Baadhi ya mashirika hutuma. Mengi bado hayatumi, na sababu haiwezi kuwa ya kiufundi. Nahisi ni woga: ukimwambia mtu mapema umekiri kwamba uliamua, na ukimwacha agundue mwenyewe, begi linabaki kuwa “limepotea”, neno lisilo na mtendaji. Sarufi imelifanyia shirika kazi nzuri sana.

Matokeo yake lawama humwangukia aliye karibu: binti wa dawatini ambaye hakuwepo, na mpakiaji ambaye hakuamua. Laiti uamuzi ungetangazwa kama uamuzi, ungeweza kujadiliwa. Tungeuliza ni mabegi gani yasiachwe kamwe, na hapo ningekuwa wa kwanza kusema kiti cha magurudumu kisubiriwe hata dirisha la kuruka likipotea, kwa sababu hakiwezi kuitwa mzigo kwa maana ile ile. Tungeuliza shirika liliacha mabegi mangapi kwa kulinda ratiba na mangapi kwa kukosa watu. Sasa hivi yote huingia kapu moja la takwimu.

Wakati mashirika yakisita, abiria wamejitafutia dawa. Wanatumbukiza ndani ya begi kifaa cha kufuatilia chenye ukubwa wa sarafu, na tangu mwisho wa mwaka 2024 Apple imewaruhusu kulishirikisha shirika mahali kifaa kilipo; United, Delta na British Airways ni miongoni mwa yaliyokubali kupokea taarifa hizo. Kwa hiyo leo abiria hufika dawatini akiwa na ramani kiganjani. Humwonyesha mhudumu alama ya begi lake, limetulia kwenye jengo la uwanja alioutoka asubuhi, na mhudumu, ambaye skrini yake ina habari ile ile, humwomba ajaze fomu aeleze rangi yake.